Fungua Koki, Kisha Fungua Koki

Matini ninayotaka kuisoma hapa ina maneno 23. Haijachapishwa popote. Ilinijia kwa simu, sauti ya fundi wa pikipiki ambaye kwa umri wake huwa namwamkia kwanza ndipo nimweleze shida, siku nilipomlalamikia kwamba koki ya mafuta ya Honda yangu haifungi. Nimeinakili kama alivyoitamka. Nukta na mikato ndiyo mali yangu pekee humu:

"Sikia mwanangu. Fungua koki, mafuta yaishe. Funga koki. Sasa fungua koki. Raba ikishakufa usiibembeleze, weka nyingine. Funga koki. Ifunge, ukae. Ukimaliza kukaa, ifungue."

Uhariri ndio unaonipa ugali, kwa hiyo nilipomaliza kunakili mkono ulikwenda wenyewe kwenye kalamu nyekundu. "Koki" imerudi mara nne. Kitenzi "funga" na kinyume chake "fungua" vimetokea mara sita, yaani zaidi ya robo ya matini nzima ni mlango mmoja unaofunguliwa na kufungwa. Mwanafunzi akiniletea insha ya namna hii ningemwandikia pembeni: takriri isiyo na kazi. Nikaipunguza: "Toa mafuta, badilisha raba, rudisha koki, ijaribu." Maneno saba. Yalisomeka vizuri sana. Nikabandika kikaratasi ukutani juu ya pikipiki, nikaenda kutafuta spana.

Nitaeleza baadaye petroli ilivyonifika kwapani. Kwanza koki yenyewe, maana nayo ni matini.

Koki ya pikipiki kuukuu husomwa kwa vidole. Imekaa chini ya tangi, mahali ambapo dereva akiwa safarini hawezi kuinama kuitazama, na kwa hiyo maumbile yake yote yamekusudiwa kupapaswa. Kwenye yangu, mkono ukielekea chini mafuta yanashuka, ukilala yamezuiwa, ukielekea juu ni rizevu. Maandishi ya ON, OFF na RES yaliyochorwa kwenye chuma yamekwishalika kwa vumbi na magoti ya miaka mingi, na sijawahi kuyahitaji. Ndani ya tangi vinapanda vimirija viwili, kimoja kirefu, kingine kifupi. Safari ya kawaida hunywa kwenye mdomo wa kile kirefu. Mafuta yakishuka chini ya mdomo huo injini huanza kukohoa, dereva hupeleka mkono chini ya paja, hugeuza, na kile kifupi huendelea kunywa pale mwenzake alipoachia. Nimekutana na watu walioendesha miaka kumi wakiamini kuna tangi dogo la pili lililofichwa mahali. Hakuna. Akiba ni mafuta yaleyale, ila yananywewa chini zaidi. Kifaa kisicho na mshale wala taa kinampimia mtu masalio kwa tofauti ya urefu wa vijiti viwili, na sijaona mizani ya shairi iliyobeba maana kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Kinachotenganisha hali hizo tatu ni kipande cha raba, duara lisilozidi upana wa sarafu, lenye matundu manne. Mgongo wa mkono wa koki umechimbwa mfereji mfupi. Ukiuzungusha, mfereji unaunganisha tundu la kutokea na tundu la mrija huu au ule, au hauunganishi chochote. Springi bapa yenye mawimbi inaubana mkono juu ya raba, na kibati chenye skrubu mbili kinavishika vyote visiruke. Basi. Hakuna kingine humo.

Pikipiki ni Honda CG125, aina iliyoanza kutoka mwaka 1976 na ambayo injini yake imenakiliwa mno na viwanda vya China, kiasi kwamba mtu aliyekalia pikipiki ya Kichina ya 125 barabarani leo huenda amekalia mjukuu wake. Walioibuni waliilenga kwa nchi ambazo watu hawana muda wa gereji: valvu zinasukumwa kwa fito, utaratibu wa kizamani hata kwa wakati ule, kwa sababu unastahimili kupuuzwa. Yangu imestahimili oili chafu, barabara mbovu na mimi. Koki si ile iliyozaliwa nayo, imeshabadilishwa na wenye pikipiki walionitangulia, na hata hii iliyopo imezeeka. Usiku naiingiza pikipiki ndani kwa kuogopa wezi, na harufu ya petroli ilipoanza kuamka kabla yangu asubuhi ndipo nilipomtafuta fundi.

Koki huvuja kwa namna tatu. Mbili zina adabu: unyevu shingoni, pale inapokutana na tangi, na unyevu kuzunguka mkono, ambako oringi imekauka. Unaona, unanusa, unafuta kwa kitambaa na kesho yake unaona tena. Ya tatu haitoi hata tone nje. Mkono umelala, umefunga kabisa kwa macho ya mtu yeyote, na mafuta yanapita chini ya raba yakielekea kwenye kabureta. Huko yanakuta mlango wa pili, sindano inayoinuliwa na floti, na kama sindano nayo imechoka yanajaa na kumwagika chini, au yanaingia kwenye silinda, yanapenya kwenye ringi, yanakwenda kuchanganyika na oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia unakuta oili imepanda, nyepesi, inanuka petroli. Kila mtu hapa angetaka kutaja ule msemo wa ufa na ukuta. Fundi hakuutaja, na naona alikuwa na haki, kwa kuwa ufa wa ukuta unaonekana.

Sasa turudi kwenye kalamu nyekundu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani "fungua" ya kwanza na "fungua" ya pili ni neno moja. Gerejini si moja. Kiswahili cha mafundi kina "kufungua bomba", maji yatoke, na kina "kufungua injini", maana yake kuivunjavunja ikalala mezani vipandevipande. Vilevile "kufunga": unafunga mlango, na unafunga tairi, ambapo la pili ni kulipachika mahali pake na kukaza nati. Kitu kikiwa ama mlango ama kipande cha mashine, hakuna utata. Koki ni vyote viwili. Ni mlango na ni kipande cha mashine, na kwa hiyo "fungua koki" ina maana mbili zinazopishana kwa lita kadhaa za petroli: igeuze mkono, au ing'oe kwa spana.

Hebu tuisome tena kwa sikio hilo. "Fungua koki, mafuta yaishe" ni ya vidole. "Funga koki" ni ya vidole. "Sasa fungua koki" ni ya spana. "Funga koki" inayokuja baada ya raba ni ya spana. "Ifunge" na "ifungue" za mwisho zimerudi kwenye vidole. Matini inakwenda kidole, kidole, spana, raba, spana, kidole, kidole. Nilichokiona kama mtu anayejirudia ni umbo linaloingia hatua tatu hadi kwenye raba na kutoka hatua tatu. Mhariri alikuwa amefuta ngazi zote mbili na kubakiza chumba.

Je, msikilizaji anatambuaje ipi ni ya kidole na ipi ya spana? Nilidhani nimegundua kanuni: mwishoni fundi anapoacha nomino na kutumia kiambishi, "ifunge", ndipo anapozungumzia mlango. Kanuni hiyo inaanguka mara moja, kwa sababu mwanzoni ameutaja mlango kwa jina zima, koki. Kinachotofautisha ni mpangilio peke yake. Tendo lililokwisha kufanyika ndilo linaloliambia neno linalofuata limaanishe nini. Baada ya kufunga mlango, "fungua" inaweza kuwa tena ya mlango, na hapo ndipo "sasa" inapofanya kazi yake. Katika maneno 23 kiunganishi cha wakati ni hicho kimoja tu, na kimewekwa pale ambapo bila chenyewe msikilizaji angefungua mlango alioufunga sasa hivi akamwona fundi ni mwendawazimu.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyonikaa kichwani siku nyingi. "Funga koki." Mafuta yamekwisha, kwa nini niifunge? Isitoshe, ugonjwa wa koki hii ni kwamba haifungi. Fundi ameambiwa mlango haufungi, naye anaamuru ufungwe. Nimejaribu kuitafutia sababu ya kiufundi na nimepata nusu sababu: ukiing'oa koki huku mkono umelala, unajua raba ulikuwa umeiacha katika hali gani. Lakini siamini kwamba ndiyo iliyomfanya aitamke. Naamini sentensi hiyo inafanya kazi katika lugha kuliko inavyofanya kwenye chuma. Imesimama katikati ya "fungua" mbili zenye maana tofauti ili zisigusane. Ukiiondoa unapata "Fungua koki, mafuta yaishe. Sasa fungua koki," na hapo masikio yanateleza.

Kuna mahali matini inamshinda mwenyewe, na ndipo petroli ilipopita. "Mafuta yaishe." Nilisoma sehemu hiyo kwa umakini, hata katika kikaratasi changu cha maneno saba niliiheshimu. Nilichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, nikaelekeza kwenye dumu, nikaugeuza mkono chini. Yakatiririka, yakapungua, yakadondoka, yakakoma. Nimetoa mafuta. Nikalegeza nati ya shingoni, na akiba yote, ile iliyobaki chini ya mdomo wa mrija mrefu, ikashuka kwenye mkono wangu wa kulia, ikapita kiwiko, ikaingia kwapani. Bahati jiko la mkaa la jirani lilikuwa halijawashwa.

Yalikuwa yamekoma, hayakuwa yamekwisha. Kumaliza kungetaka mkono uelekee juu, kwenye rizevu, na fundi hakusema, na nikitazama lugha aliyokuwa nayo naona kwa nini. Koki ina hali tatu. Kiswahili kimempa vitenzi viwili. "Funga" na "fungua" zimegawana dunia nzima baina yao, na rizevu haina kitenzi. Tunasema "weka rizevu", kana kwamba ni kitu kinachotoka mfukoni. Anayejua gereji hujaza pengo hilo bila kufikiri, kwake "yaishe" tayari ina mkono ulioelekea juu ndani yake. Mimi nililipokea kama nilivyolisikia. Hapo namlaumu kidogo. Maneno mawili tu, "weka rizevu", yangeokoa shati.

Pembeni nilikuwa na matini nyingine, nakala iliyofifia ya kitabu cha ufundi cha Kiingereza, ya ukoo wa vile alivyovianzisha John Haynes, Mwingereza ambaye kitabu chake cha kwanza cha karakana, cha gari la Austin-Healey Sprite, kilitoka mwaka 1966. Fani ya vitabu hivi inajulikana: gari au pikipiki inafunguliwa kweli, hatua zinapewa namba, na ukurasa wa pili una ule mchoro ambamo vipande vimetawanyika hewani kwa mstari, nati, oringi, chujio, raba, springi, kibati, kila kimoja kikielea mbali kidogo na jirani yake. Mchoro huo ni mzuri mno. Unaonyesha mpangilio bila uzito. Katika mchoro hakuna petroli. Hakuna kitu kinachodondoka. Hatari imewekewa kisanduku chake chenye neno la onyo juu, na jicho, likishazoea visanduku, huviruka kama tunavyoruka matangazo. Fundi hakuwa na kisanduku. Onyo lake lote aliliingiza ndani ya amri, "mafuta yaishe", na lingetosha kama lingekamilika.

Lakini ugomvi wangu na kitabu uko kwenye sentensi yake ya mwisho. Baada ya hatua nane au kumi za kufungua, safari yote ya kurudi inafupishwa: kufunga ni kinyume cha kufungua. Vitabu vya aina hii vimeirudia kauli hiyo hadi wapenzi wa ufundi wameigeuza utani. Kama fani, ni ujasiri mkubwa. Inadai kwamba wakati unaweza kuendeshwa kinyumenyume, kwamba ukisoma hatua kutoka chini kwenda juu pikipiki itarudi ilivyokuwa.

Sarufi yetu ingeshawishika kukubali, maana sisi tuna kauli nzima ya kutendua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Fuma, fumua. Irabu moja inaingia na tendo linageuka nyuma. Ila aliyewahi kufumua sweta anajua uzi haurudi ulivyokuwa. Unabaki na mikunjo ya mishono yake ya zamani. Na tazama "umba" na "umbua": ukimuumbua mtu humrudishi kabla ya kuumbwa, unamwaibisha mbele za watu. Kutendua ni tendo jipya lenye matokeo yake. Halafu kuna kitenzi chenyewe tunachoshughulika nacho, "vuja", ambacho hakina kutendua kabisa. Kinachovuja hakivujuliwi. Inabidi uazime neno kutoka kwingine, uzibe, ukaushe, ubadilishe.

Raba ndiyo inayokikanusha kitabu kwa vitendo. Imekaa ndani ya petroli miaka mingi, imevimba; ukiitoa ikapata hewa inakauka, inasinyaa, inakuwa ngumu kingo. Uso wake umechorwa pete pale mfereji wa mkono ulipopita maelfu ya mara. Ukiirudisha kwa kinyume cha kufungua, kama kitabu kinavyotaka, umerudisha kitu kingine. Koki nyingine nimeona zimekatisha mjadala huu kwa ribiti: kibati hakina skrubu, ukitaka kuingia utoboe kwa drili, kisha uchonge njia za skrubu mwenyewe. Sizipendi, kwa sababu zinamwambia msomaji kwamba ukurasa huu haukuandikwa kwa ajili yake.

"Raba ikishakufa usiibembeleze, weka nyingine." Hii ndiyo sentensi ndefu kuliko zote za fundi, na, ukiacha "Sikia mwanangu", ndiyo pekee ambamo koki haitajwi hata kwa kiambishi. Imekaa katikati, mahali ambapo hatua za kuingia zimekwisha na za kutoka hazijaanza. Angeweza kusema "ikiwa imeharibika". Amesema imekufa, na si "ikifa" bali "ikishakufa", yenye ile "-sha-" ya jambo lililokwisha kupita na kukamilika wakati wewe bado unajadili. Na kitenzi "bembeleza" amekichukua mbali kabisa na gereji. Tunabembeleza mtoto alale, tunabembeleza mpenzi aliyenuna. Sikujua uzito wake mpaka nilipojikuta nabembeleza. Nilikuwa nimeitoa raba, nimeigeuza upande wa pili ambao haukuchorwa pete, nimeisugua taratibu kwa msasa laini juu ya kipande cha kioo, kwa maji, huku naipuliza. Mafundi wengi hufanya hivyo na wakati mwingine inashika wiki kadhaa. Wapo wanaokata raba mpya kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, nayo inavimba vibaya kwa sababu mpira wa tyubu haupatani na petroli. Raba ya koki hutengenezwa kwa mpira wa aina nyingine, unaostahimili mafuta. Wapo pia wa sabuni ya mche, wanaoipaka pale panapovuja, na inashika kweli, maana sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Hayo yote ni mabembelezo. Niliiweka chini ile raba, nikaenda kununua nyingine pamoja na oringi zake.

Nilipofunga koki kwa spana, chujio likiwa limesafishwa na kutu ya tangini imesuuzwa, nilifika kwenye maneno mawili ambayo kitabu hakina kabisa. "Ifunge, ukae." Kitabu kinajua nguvu ya kukaza nati kwa vipimo, hakijui kukaa. Katika ujumbe wa sauti, baada ya "ukae", fundi alinyamaza. Nimeupima ukimya ule kwa saa ya simu, ni sekunde 3, nao ndio mrefu kuliko kituo kingine chochote katika matini hiyo. Unasikika mlio wa bodaboda ukipita nyuma yake na mtu akiita jina. Kisha anarudi: "Ukimaliza kukaa." Tendo la kusubiri limepewa mwanzo na mwisho kama kazi nyingine yoyote. Halikupewa muda. Yangu ilikuwa nusu saa: tangi limejaa robo, mkono umelala, mpira umechomolewa kwenye kabureta na mdomo wake umeingizwa kwenye chupa tupu ya maji, nami kwenye kigoda nikiitazama chupa. Mtu akipita angeniuliza nafanya nini, na jibu la kweli lingekuwa nasoma.

Chupa ilikaa kavu. Nikaugeuza mkono chini na petroli ikaja, safi, kwa mkupuo. Nikaufunga tena. Nikamtumia fundi ujumbe wa neno moja: "Imefunga."

Alijibu baada ya muda, safari hii kwa kuandika, bila herufi kubwa wala salamu: "imefunga au imefungwa?"

Nikarudi kwenye kigoda.